Jazz yenyewe inaanza saa ngapi? Shajara ya karatasi ya kusikilizia

Aprili, kabla ya msimu

Kiangazi kilichopita nilimpeleka mzee mmoja wa kwetu kwenye Bustani ya Sanamu ya National Gallery of Art, hapa Washington, kusikiliza jazi ya Ijumaa. Tulikaa mpaka mwisho. Bendi ilipoanza kufunga vyombo, akanigeukia: “Sasa mwanangu, jazz yenyewe inaanza saa ngapi?”

Hakuwa anatania. Mzee huyu alikung'uta gitaa la besi miaka ya 1970 katika bendi ya shirika moja la umma kule nyumbani, enzi zile mwanamuziki alipokuwa mwajiriwa na vyombo vilikuwa mali ya ofisi. Kwake yeye jazz ni jina la ukoo wa bendi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz. Ni magitaa yanayojibizana, tumba, matarumbeta, na watu wanaocheza mpaka majogoo. Sasa nimemkalisha mbele ya vijana wanne, mmoja anapuliza domo la bata, yaani saksafoni, amefumba macho, hakuna anayeimba, hakuna anayecheza. Alidhani wanajaribu mitambo.

Basi nikaahidi kutengeneza karatasi. Ukurasa mmoja wa kukunja, kwa Kiswahili, wa kumwambia mtu aliyekulia dansi, taarab au ngoma asikilize nini, kwa maneno aliyonayo tayari. Wasomaji wangu ni wazee saba tunaokutana nao kila Jumamosi huku Silver Spring, ng'ambo ya mpaka wa jiji, upande wa Maryland. Wengi wao walikuja kuwafuata watoto na kulea wajukuu.

Niandike na mambo ya mipango, maana mwakani nitakuwa nimesahau. Maonyesho haya, Jazz in the Garden, ni ya bure, Ijumaa jioni, saa 12 hadi saa 2 usiku. Zamani ulikuwa unajiendea tu. Miaka ya karibuni wanaotaka kuingia wanajiandikisha kwenye bahati nasibu ya mtandaoni. Nimewaandikisha wote saba kwa majina yao. Bibi wa Unguja ameuliza kama kuingia kwenye bahati nasibu si kamari. Nikamwambia haulipi kitu, bibi. Akasema, “Basi niandike mara mbili.” Hairuhusiwi, nimemwandika mara moja.

Wiki ya kwanza ya Mei

Rasimu ya kwanza nimeichana.

Niliiandika nikiwa na kamusi mkononi, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mwendo ule wa jazi unaoitwa “swing” kamusi ikanipa bembea, na mimi kwa uvivu nikaandika “mdundo wa bembea”. Mzee akasoma, akavua miwani. “Hii ni ya watoto wa chekechea?” Besi niliiita “besi inayotembea”, akauliza inakwenda wapi.

Nimebadilisha utaratibu. Sitaandika neno lolote nikiwa peke yangu. Jumamosi nacheza kipande cha dakika mbili kwenye spika, nanyamaza, nasubiri wao waseme wanasikia nini. Neno linaingia kwenye karatasi pale tu watu wawili waliokulia sehemu tofauti wanapokubaliana nalo. Ni utaratibu wa taratibu kweli, na una chai nyingi.

Hali ya karatasi: maneno 3. Saksafoni yenyewe haikuleta mjadala (domo la bata, au saksafoni kwa wanaopenda heshima). Mpiga piano ni mpapasa kinanda, kama ilivyo kwenye dansi. Na zile fimbo za waya ambazo mpiga ngoma anazisugua juu ya ngozi badala ya kupiga, mama mmoja wa Kisumu alisikia tu sauti, bila kuona, akasema: “Anafagia.” Vifagio. Neno limepita bila kupingwa.

Katikati ya Mei

Leo yamekuwa mapambano ya bara na visiwani.

Tatizo ni lile la kila mmoja kupewa nafasi yake, bendi inampisha naye anabuni papo hapo. Mzee akasema hilo ni solo, limekwisha. Lakini kwa watu wa dansi solo ni gitaa, lile gitaa la juu. Mtu anasema “fulani anapiga solo” akimaanisha kazi yake katika bendi, usiku kucha, siyo zamu ya dakika mbili. Nikiandika “sasa solo inaanza”, mama wa Kisumu atatafuta gitaa, na hapo jukwaani huenda halipo.

Nikauliza: je, ni chemko? Mzee akakataa kabla sijamaliza. Chemko ni pale wimbo unapobadilika, mashairi yamekwisha, magitaa yanafunguka, watu wanaacha viti. Ni kazi ya bendi nzima. “Huyu yuko peke yake, anawaza kwa sauti.”

Bibi alikuwa kimya anamenya karanga. Akasema bila kuinua kichwa, “Si taksim hiyo.”

Akatueleza kama anaeleza watoto. Kwenye taarab ya Unguja, wapiga fidla, udi na ganun wanajua kuna wakati wenzao wanatulia, mmoja anaachiwa atembeze vidole ndani ya maqam, yaani ngazi ya sauti ya wimbo, hakuna kilichoandikwa, na waliokaa wanamsikiliza anavyotoka nyumbani na atakavyorudi. Akirudi vizuri, watu wanaguna. Bibi amekulia karibu na mazoezi ya klabu, anajua anachosema. Nikampigia kipande kingine, tarumbeta hivi. Akasikiliza. “Taksim. Ila huyu ana haraka.”

Kuna tofauti na niliitaja: taksim mara nyingi haifungwi na hesabu ya mapigo, wakati mpuliza jazi anabuni juu ya wimbo unaoendelea kuzunguka chini yake. Tukaandika hivyo hivyo: “taksim juu ya mzunguko”. Mzee amekubali kwa shingo upande.

Ijumaa ya kwanza

Tumepata tiketi wanne kati ya saba. Treni ya mstari mwekundu mpaka Gallery Place, halafu tukateremka taratibu Barabara ya 7. Wazee wamechukua dakika 20 kwa safari ambayo mimi natumia 10. Mwakani tushuke Archives, ni karibu zaidi, hata kama lazima kubadili treni.

Bustani yenyewe ina ukubwa wa ekari 6 na ushei, ilifunguliwa 1999, iko kati ya Barabara ya 7 na ya 9, Constitution Avenue upande mmoja na uwanja wa Mall upande wa pili. Katikati kuna chemchemi kubwa ya mviringo ambayo majira ya baridi hugeuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Watu wametandaza mablanketi hadi pembeni kabisa. Sisi tulikuja na mkeka, thermosi mbili za chai na visheti. Walinzi wanakagua mifuko kwa sababu pombe ya kutoka nje hairuhusiwi. Yule aliyekagua wetu aliuliza visheti ni nini, akaonjeshwa.

Sikuwa nimepangia sanamu, nilikuja kwa ajili ya muziki, lakini zilitula nusu saa nzima. Ile ya Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen, karibu mita 6 kwenda juu, gurudumu jekundu lenye brashi ya bluu inayopepea kama nywele, vijana wote wanaipiga picha bila kujua ni kitu gani. Mama wa Kisumu alikuwa karani mpiga chapa serikalini miaka 22. Akasimama, mikono kiunoni. “Raba ya taipureta! Niliziweka kwenye droo ya kushoto.” Kisha akawaeleza vijana wawili wa Kimarekani jinsi ya kufuta herufi moja bila kutoboa karatasi na kupeperusha vumbi kwa ile brashi. Walisikiliza kwa adabu kuliko walivyoisikiliza bendi. Bibi alikataa kukaa popote anapoweza kuonwa na buibui wa Louise Bourgeois.

Sasa muziki. Wazee waligundua jambo nililokuwa nimelizoea: nusu ya watu hawasikilizi. Wanapiga soga, wanakunywa sangria, wamewapa bendi mgongo. Nilianza kuomba radhi kwa niaba ya Washington. Mzee akanishangaa. “Mwanangu, mimi nimepiga miaka 11 kwenye ukumbi wa baa. Unadhani walikuwa wananisikiliza besi?” Anaona hii ndiyo mara ya kwanza jazi ya hapa imefanana na jazz.

Karatasi ilianguka mtihani. Maandishi madogo mno, na kufikia saa 1 na nusu jua limeshaanza kuondoka. Kuongeza herufi kuna maana ya kupunguza maneno. Afadhali.

Mwanzoni mwa Juni

Mwendo. Bado hatujapata neno la mwendo na bila hilo karatasi haina roho. Ni ule mdundo ambao mapigo mawili hayalingani, la kwanza linarefuka kidogo, la pili linachelewa halafu linaruka. Mama wa Kisumu alisema unachechemea. Kweli, ukigonga mezani ni mchechemeo mtupu. Ila mzee hataki. Anasema anayechechemea ana maumivu, huyu hana.

Bibi akainuka. Akaenda mpaka jikoni na kurudi, ule mwendo wa harusini, kisigino kinachelewa makusudi, bega linafuata. Hakusema kitu. Nikarudisha kipande kile kile, akatembea tena juu yake, na hatua zake zikaingia barabara.

Maringo. Mdundo wa maringo.

Nimeliandika kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Mzee amesaini.

Besi nayo imepata ufumbuzi siku hiyo hiyo, na mzee mwenyewe ndiye aliyeufungua. Kwenye dansi, anasema, besi inaunguruma, inaacha mianya, inamngoja mpiga tumba. Hapa haingoji. Inaweka hatua nne sawasawa, tena nne, tena nne, haikosi hata moja, na wengine wote wanaweza kuringa kwa sababu huyu mmoja haringi. “Ni askari wa gwaride aliyezungukwa na wanawake wa harusini.” Kwenye karatasi tumeandika “besi ya gwaride”. Sina hakika kama itadumu, ila wote saba walicheka, na mtu akicheka hasahau.

Hali ya karatasi: maneno 9, moja lina ugomvi (taksim, bado).

Katikati ya Juni

Nimechelewa kuandika, zamu za usiku zimeniandama. Hata hivyo hii ndiyo siku kubwa ya mradi.

Nyimbo nyingi za zamani za jazi zina umbo moja: vipimo 32 (kipimo ni fungu dogo la mapigo, mara nyingi manne), vimegawanywa mara nne, nane nane. Sehemu ya kwanza ina sauti yake, ya pili inairudia, ya tatu inageuka kabisa na kwenda kwingine, ya nne inarudi nyumbani. Kisha mzunguko unaanza upya na anayebuni anabuni juu yake. Asiyejua hilo anasikia vurugu. Anayejua anajua mpulizaji yuko chumba gani cha nyumba.

Nilijitayarisha na mchoro na rangi nne. Kabla sijaufungua, mzee wa nne katika kikundi, ambaye huwa haongei sana, alifundisha Kiswahili sekondari huko Tanga, akasema: “Hiyo ni tarbia.”

Mishororo minne. Na kila mmoja una jina tangu zamani: mwanzo, mloto, mleo, kituo. Wa tatu, mleo, ndipo shairi linapogeuza uso kabla ya kituo kulirudisha. Akachukua kalamu akaandika majina hayo manne juu ya mchoro wangu, juu ya rangi zangu, na kila kitu kikakaa mahali pake. Vina vya wimbo havifanani kabisa na vina vya tarbia, tusidanganyane, wala hakuna mshororo unaochukua vipimo nane. Lakini sikio lililofundishwa kungoja mleo linajua kungoja.

Tulifanya mazoezi. Kila mtu ainue kidole akisikia mleo. Mara ya kwanza vidole vilipanda ovyo kama darasa la kwanza. Mara ya sita vilipanda vitano pamoja. Mama wa Kisumu aliwahi vipimo viwili, akasema mpulizaji ndiye aliyechelewa.

Nimefuta nusu ya karatasi. Sasa katikati kuna mistari minne tu yenye majina hayo, na maneno mengine yamezunguka pembeni.

Mwishoni mwa Juni

Ngurumo. Tulikuwa watano, tumeshafika langoni, na mvua ya kiangazi ya hapa haibishi hodi. Onyesho halikuwepo. Tulijibanza chini ya paa moja la jengo, chai ikanywewa wima.

Nilitumia muda huo kujaribu ukurasa wa nyuma, ambao ni hadithi tu, kwa sababu bibi alisema karatasi isiyo na hadithi ni fomu ya hospitali.

Nilianza na Randy Weston, mpapasa kinanda wa Brooklyn. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, alirekodi kazi kubwa ya bendi aliyoiita Uhuru Afrika, na mwanzoni kabisa anasikika Mtanganyika akisema kwa Kiswahili: Tuntemeke Sanga. Mzee alilijua jina hilo kutoka kwenye siasa. “Tuntemeke? Kwenye jazz?” Nikamsikilizisha kwenye simu, mvua ikipiga bati. Akasikiliza mara tatu.

Kisha nikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye bendi ya Herbie Hancock ambayo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili. Hancock mwenyewe, Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams, Mchezaji. Mpuliza tarumbeta Eddie Henderson, Mganga, naye kweli ni daktari kwa kusomea. Mpuliza tromboni Julian Priester wakamwita Pepo Mtoto. Bibi akaweka kikombe chini. “Astaghfirullah! Nani aliwafundisha hawa?” Mwalimu wa Tanga akajaribu kuwatetea, kwamba walikuwa wanatafuta Afrika kwa kamusi, kama mimi na bembea yangu. Nimemeza.

Na mpiga ngoma wao, Billy Hart, ndiye Jabali. Huyu ni mtoto wa hapa hapa Washington, amezaliwa 1940. Hapo wazee walinyamaza. Jina zuri, limemkaa mwanaume, na kwao ni mji huu huu tulimojibanza.

Nikamalizia na Buck Hill, naye wa mji huu, aliyepuliza saksafoni usiku na kupeleka barua za posta mchana. Mwaka 1978 alipotoa sahani yake ya kwanza kama kiongozi, Jabali ndiye aliyepiga ngoma na Mchezaji akapiga besi. Hadithi hii niliiweka kwa ajili yangu, kusema kweli. Mtu mwenye zamu ana haki ya kuwa na mtu wake.

Julai

Kwa kifupi, maana joto limetushinda: Ijumaa moja tumekosa tiketi, moja tumepata wawili. Karatasi imechapishwa upya, nakala 20, herufi kubwa, karatasi ya rangi ya maziwa isiyong'aa juani. Mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekaa jirani na mkeka wetu ameomba moja. Mwingine, wa Bujumbura, amesema taksim haijui ila maringo ameyaelewa kabla ya kusoma maelezo. Bibi amesema huo ndio upungufu wa Bujumbura.

Mwanzoni nilitaka kuongeza habari za makumbusho mengine. Jumba la MoMA kule New York lilikuwa na jazi katika bustani yake ya sanamu tangu 1960, na Sonny Rollins alirekodi humo Julai 1985, peke yake na saksafoni, bila besi, bila ngoma, bila chochote. Mzee akasema mpiga besi hawezi kuruhusu habari hiyo ichapishwe. Imeondolewa.

Ijumaa ya mwisho ya Julai

Sita kati ya saba! Bahati nasibu imetusikia.

Bendi ilikuwa na mwimbaji, mwanamke wa makamo, sauti nzito. Akaimba wimbo wa taratibu, vifagio chini yake. Akampisha mpuliza saksafoni. Vidole vya wazee wangu vilikuwa juu kwenye mleo, vyote, na mtu wa blanketi la pili akaangalia angani kujua wanaonyesha nini.

Saksafoni iliporudi nyumbani, watu wachache wakapiga makofi yale ya katikati ya wimbo. Bibi akasema makofi ni ya mkutano. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa noti ya dola tano, akainuka. Nilichelewa kumzuia. Akaenda kwa maringo, mkono juu, noti inaning'inia kati ya vidole viwili, akapita katikati ya mablanketi, akapita watoto waliotia miguu kwenye maji, mlinzi akamtazama na kutazama kwingine. Mbele ya bendi akazunguka mara moja, akaiweka noti karibu na miguu ya mpulizaji, akarudi vilevile bila haraka. Mpulizaji aliinama mpaka domo la bata likakaribia kugusa sakafu. Mwimbaji aliacha mstari mzima kwa kucheka.

Alipokaa nilimuuliza kama karatasi ieleze habari za kutunza. “Weka,” akasema. “Na bei uandike. Isipungue tano.”

Agosti

Tiketi za mara ya mwisho hatukupata hata moja. Mzee akasema twende hivyo hivyo. Tulikaa wanne kwenye nyasi za Mall, ng'ambo ya Madison Drive, mkeka ule ule, uzio na miti ikituziba. Hakionekani kitu, ila sauti inavuka.

Mambo ya kurekebisha kabla ya mwakani: “besi ya gwaride” mwalimu anaona inadharau, mzee anaona inasifu, tutapiga kura. Kutunza kumeongezwa. Pepo Mtoto abaki, kwa maelezo. Nitafute mtu wa Kongo wa kutusomea nakala kabla ya kuchapa.

Kulikuwa kunaanza giza. Saksafoni ilikuwa inazunguka, mzunguko wa tatu au wa nne, upepo unaipeleka na kuirudisha. Mzee alikuwa amelala chali, kofia usoni. Akainua kidole.

“Mleo huo.”

“Bado,” akasema bibi, na vipimo viwili baadaye ukageuka.